Habu Yenye Breki Ndani

Mwaka ule serikali ya Mwingereza ilipowatoa watu Engare Nanyuki, mama mkwe wangu, Anande, alipakiwa kwenye lori pamoja na shemeji yangu, wakashushwa King'ori. Huko ni joto na mbu. Haukupita muda akashikwa na homa, akatuma neno kwetu Poli kwamba anataka kufia nyumbani, azikwe kwenye migomba alipolala mumewe.

Mume wangu Elisaria alikuwa na baiskeli, ila habu ya nyuma, kile kitovu cha gurudumu kinachoshika spoki, ilikuwa imepasuka. Siku ya Ijumaa nikajitwika gurudumu kichwani kama mkungu wa ndizi, tukaenda Arusha kwa fundi Loserian, tukamweleza kuwa baiskeli ni ya kumleta mama nyumbani.

Loserian alituwekea habu mbili juu ya gunia. Ya kwanza inazunguka bure, breki zake ni za mkono. Ya pili ina breki ndani yake, unasimama kwa kukanyaga pedeli kinyumenyume. Alitushauri ya kwanza, kwa sababu ile ya pili kwenye mteremko mrefu inachemka kama sufuria. Lakini mashine ya kumenya kahawa ilikwisha kula vidole vitatu vya Elisaria. Breki ya mkono angeibana na nini?

"Na huyo mama atajishikilia wapi?" Loserian akauliza.

"Nitamfunga mgongoni kwa shuka," Elisaria akasema. "Si ndivyo alivyonibeba?"

Tukachukua yenye breki ndani. Loserian akaifunga na spoki zake zote, lakini girisi ilikuwa imemwishia. Akatuambia turudi Jumatatu, tusiiendeshe kabla.

Njiani nikasema nyumbani yapo mafuta ya mkia wa kondoo. Kwetu hayo ni ya kila kitu: mzazi aliyejifungua anakunywa, kidonda kinapakwa, ngozi inalainishwa. Elisaria alisita. Mimi ndiye niliyesema mama hawezi kungoja Jumatatu, na nikayashindilia ndani ya habu kwa kidole changu mwenyewe mpaka yakafurika. Gurudumu likazunguka bila sauti, nikajiona fundi.

Jumamosi asubuhi akateremka. Hajafika barabara kubwa, habu ikaanza kutoa moshi, ikanuka kama nyama iliyoungua, kisha gurudumu likakwama likamtupa chini. Alihangaika nalo mpaka jua likageuka. Halikuzunguka tena. Akaibeba baiskeli begani, akaendelea kwa miguu, goti limevimba, akalala njiani.

Alifika King'ori Jumapili mchana. Walikuwa wametoka kumzika. Shemeji akamwambia kuwa Jumamosi kutwa nzima mama alikuwa akiuliza kama Elisaria ameonekana. Angeondoka kwa miguu tangu Ijumaa, angemkuta.

Aliporudi nilimwandalia maji ya kukanda goti, nikamwambia, "Baba Bariki, ni mafuta yangu."

"Habu niliichagua mimi," akasema.

Tumebishana hivyo miaka mingi, kila mmoja akilivuta kosa upande wake, na mama bado yuko King'ori.