Tabasamu Lililoshuka Ukutani

Jumanne saa mbili asubuhi, katika makao fulani ya wazee huko Moseley, ughaibuni, Zilpah Nekesa alikuwa akimlisha Mzee Darshan uji wakati tabasamu liliposhuka kutoka kwenye picha ya ukutani na kumkaa Zilpah usoni. Picha yenyewe ilikuwa nakala ya ule mchoro wa mwanamke wa Italia wa miaka mia tano iliyopita, anayetabasamu bila kusema kwa nini. Njoroge, aliyekuwa akipiga deki, aliinua mopu ili lipite.

Wageni waliokuja kuwaona wazazi wao walikuwa na desturi ya kusimama mbele ya picha hiyo. Anajua nini yule mama? Anaficha siri gani? Picha ilipewa robo saa, wazazi dakika tano.

Zilpah hakuwa akitabasamu kazini. Kwao Bungoma, anayemwogesha mzee wa rika la babake hamkenulii meno. Anaangalia kando, uso mkavu, maana kuchekea uchi wa mzee ni kujitafutia laana. Mzee Darshan, aliyeyeyusha vyuma kiwandani miaka thelathini, alilielewa hilo bila kuelezwa, akamwita binti yangu. Lakini meneja, Bi Hodgetts, alikwisha kumwandikia barua mbili za onyo: hatabasamu, anawatisha wateja. Ya tatu ingemfukuza, na viza ya Zilpah ilifungwa kwenye kazi hiyo kama mbuzi kwenye kigingi.

"Si u-smile tu," Njoroge alikuwa amemshauri. "Kwani unadhani hiyo uso ni yako? Ni ya sponsor wa viza."

Sasa tabasamu alikuwa nalo, na halikubanduka hata kwa sabuni. Bi Hodgetts alifurahi siku mbili nzima.

Alhamisi mama mmoja alimaliza robo saa yake mbele ya picha, akageuka, akamwona Zilpah. "Unacheka nini?" akauliza kwa ukali. Mwenzake akasema mfanyakazi huyu ana dharau, inaonekana kuna kitu anakijua. Hakuna aliyetaka kujua ni kitu gani.

Ijumaa, bafuni, Mzee Darshan alijifunika taulo mpaka shingoni.

"Naomba mtu mwingine aniogeshe," alisema, akitazama vigae.

"Mzee, hili si langu."

"Liko usoni kwako."

Iliuma kuliko barua zote mbili. Zilpah alimfungia mzee kamba ya joho la kuogea, akatoka.

Kikao cha nidhamu kuhusu malalamiko hayo kilikuwa Jumatatu. Zilpah aliingia ofisini na picha mkononi, mdomo wa yule mwanamke umenyooka kama uzi. Bi Hodgetts alichukua rula, akapima pembe za mdomo wa Zilpah, akazilinganisha na mchoro ulioko kwenye kitabu cha maktaba. Zililingana kabisa, naye akaandika vipimo. Kisha akaeleza kwamba tabasamu lile kwenye picha ni sanaa, kwa mfanyakazi ni utovu wa adabu. Zilpah alipandwa na hasira. Alimwambia Bi Hodgetts kwamba anamwonea, na kwamba anajua anamwonea. Tabasamu halikusogea hata kidogo, na hilo nalo likaandikwa.

Akapewa barua ya tatu, na siku sitini za kupata mwajiri mwingine au kurudi Kenya. Picha ikaangikwa tena mahali pake.

Njoroge alimsindikiza hadi kituo cha basi namba hamsini, amembebea mfuko wa viatu.

"Na hiyo smile yao?" aliuliza. "Si watakuitia polisi?"

"Nani ataita? Jana Sunday wageni walijaa hapo mbele ya hiyo picha, mdomo iko straight hivyo," Zilpah alisema. "Wote wanaambiana, ona vile ana-smile."