Dakika Kumi hadi Sokoni

Haki ya nani, haya yote ni kweli tupu. Nikiongopa, meno yangu matatu yaliyobaki yadondoke.

Macho yangu yalipoanza kuona barabara moja kama mbili, tuliuza gari tukaamua kuhamia jiji kubwa. Mke wangu ana goti bovu, na sharti lake lilikuwa moja tu: afike sokoni kwa miguu yake, bila kumwomba mtu. Akanitanguliza nikapime njia, maana mimi ni tarishi mstaafu.

Jioni nikampigia simu. "Mama watoto, jiji limepatikana! Sokoni dakika kumi. Kwenda mteremko, kurudi mteremko. Nimetembea mpaka trafiki akaniambia nipunguze mwendo!"

Kesho yake akaja mwenyewe, tukashika njia ya sokoni. Hata kona ya kwanza hatujaifikia, dereva wa teksi akapaza sauti: "Mzee! Leo sikupeleki sokoni?"

Mke wangu akasimama. "Kumbe tarishi wangu alisafirishwa kama kifurushi!"

"Jua lilikuwa kali, mama."

"Twende. Leo napima mimi."

Tukaenda mdogo mdogo. Njia ya miguu ilikuwa pana, yenye miti, na tulipumzika mara mbili kwenye mabenchi. Dakika ishirini na tano. Mlangoni mwa soko akalipapasa goti.

"Linanung'unika," akasema, "lakini limefika. Tunahamia. Na wewe, kwa uongo wako, utabeba kapu mwaka mzima."

Akaanza na viazi, kilo tano. Nikabeba.