Wangwe Alihama Mara Nne

Mwaka wa tisini na nne mjukuu wangu Beverly, anayeniita Dani, yaani bibi, alikuja kutoka chuo kikuu na karatasi iliyojaa mishale. Alikuwa anaandika jinsi ukoo wetu ulivyotoka mto Kuja kule Migori ukafika hapa ziwani, Homa Bay. Mwalimu wake aliirudisha na wino mwekundu: mishale inaonyesha walikopita, haisemi kwa nini waliondoka. Asipopeleka sababu Ijumaa, na alama ya kidole cha mzee wa ukoo chini yake, anarudia mwaka mzima.

"Sababu ni vita," akasema Cephas, ndugu ya marehemu mume wangu, ambaye ndiye mzee wa ukoo. Alikuwa amekalia kiti changu kizuri, kile chenye kitambaa nilichoshona kwa uzi wa kijani. "Babu yetu Wangwe alikuwa simba. Andika hivyo."

"Vita na nani, Babu?"

"Na maadui."

"Wa wapi?"

"Wewe mtoto, maadui wana sanduku la posta?"

Mimi nilikuwa nachambua omena, dagaa wa ziwa letu, natoa vijiti na mchanga. Nikamwambia Beverly ashike kalamu. Habari hii nilipewa na mama mkwe wangu Bathsheba, naye aliambiwa na mke wa Wangwe mwenyewe.

Asubuhi moja Wangwe alipeleka ng'ombe mto Kuja kunywa maji. Akakata kona wanakoogea wanawake, akamkuta mama ya mkewe anajisugua mgongo kwa jiwe. Kwetu mwanamume hampi mama mkwe hata mkono. Wakikutana njiani anaingia majanini. Huyu alimwona yote, na ng'ombe saba wakamwona. Wiki hiyo Wangwe akahamia Rongo.

Shida ni kwamba mkewe alikuwa anazaa. Kila mtoto akizaliwa, yule mama anafunga unga wa wimbi kwenye kikapu, anakuja kumwona bintiye. Mtoto wa kwanza, Wangwe akahama Rongo, akaenda Asumbi. Wa pili, akahama Asumbi, akapanda kilima cha Asego. Wa tatu, akashuka ziwani. Wa nne alimkuta hana pa kwenda tena. Alikaa siku mbili ndani ya mtumbwi, na kuogelea hajui.

Beverly aliandika mpaka kalamu ikakwaruza.

"Zilpah, unatuvua nguo," akasema Cephas. "Hapo siweki kidole. Na bila kidole changu hiyo ni karatasi ya kufungia mandazi."

Msichana akaniangalia, macho yamejaa maji.

Hapo nikaona mtu langoni mwa boma letu, na kikapu kichwani. Marcella, mke mdogo wa Cephas, alikuwa amejifungua Jumapili. Mama yake ni mdogo kwa Cephas kwa miaka kumi, lakini mama mkwe ni mama mkwe.

"Shemeji," nikasema polepole, "mama ya Marcella anafungua lango."

Cephas alitoka kwa mlango wa jikoni, akapasua ua wa mkonge, akaacha kiatu kimoja.

"Dani, anaenda wapi?" akauliza Beverly.

"Ziwani. Chora mshale."

Kesho yake Cephas alikuja kuchukua kiatu. Nilikuwa nimekiweka mezani, kando ya karatasi na kidau cha wino. Akautazama ule mshale wa tano, unaotoka kwenye kiti changu mpaka majini.

"Huo unafutika," nikamwambia.

Akachovya kidole, akakandamiza. Aliomba neno moja tu: tuongeze kwamba Wangwe alifumba macho.

Beverly akaliongeza, kwa penseli.