Sehemu ya Kuruka

Kanisani kwetu watoto hawaonyeshwi filamu mpaka mtu mzima aitazame kwanza. Safari hii mchungaji alinipa mimi kazi hiyo, kwa kuwa nasoma masomo ya jioni. Nikaona fahari. Kisha nikaona upweke, maana kati ya wote walioahidi kuja kutazama nami, alikuja Mama Verdell tu.

Mama Verdell ni mmoja wa wale akina mama wazee wa kanisa, wavaa nguo nyeupe, wanaokaa benchi la mbele. Alipokuwa msichana, alikuwa katika watoto weusi wa kwanza kuingia shule iliyokuwa ya Wazungu tu mjini hapa. Hajapata kutusimulia.

Tavia wangu, mwenye miaka tisa, nilimweka meza ya nyuma achore. "Usitazame huku," nikamwambia.

Filamu yenyewe ilihusu watoto kama hao. Ndani yake, kijana wa Kizungu akamtemea mate usoni binti mweusi. Nikasimamisha.

"Hapa tutaruka."

"Mate?" Mama Verdell akaguna. "Mate yanafutika, mwanangu. Endelea."

Ikaja sehemu ya kantini. Binti akaweka sinia mezani, na wenzake wakainuka mmoja mmoja, kimya, wakamwachia meza nzima. Mimi sikuona ubaya. Mama Verdell akageukia ukuta.

"Ukitaka kuruka, ruka hii."

"Huyo naye," ilisema sauti ya Tavia nyuma yetu, "si akale maktaba? Bibi wa maktaba hakatazi, mradi usiangushe makombo."

"Umejuaje wewe?" nikamwuliza.

"Mbona ndiko ninakokula."

Shule yake iko ng'ambo ya mto. Nilihangaika apate nafasi, nikaijivunia kwa kila mtu. Darasani hana mwenzake mweusi. Kila nikimwuliza amekula na nani, hujibu, "Na watu."

Mama Verdell akafungua mkoba, akatoa peremende ya mnanaa.

"Njoo, mtoto. Una bahati wewe. Mimi nilikuwa nakula chooni."

Tavia akaja, akakaa karibu naye. "Ulikuwa unakula nini?"

"Mkate wa mahindi. Na ule una makombo, we acha tu."

Tavia akacheka. Sijui mara ya mwisho nilimsikia lini akicheka hivyo.

"Tuiruke, Mama?" nikauliza.

"Rudisha nyuma. Mtoto hakuiona vizuri."

Nikarudisha. Nitamwambia mchungaji kwamba Jumamosi watoto waonyeshwe yote, ila kila mmoja akae na mkubwa wake. Wawili hao walitazama bega kwa bega. Mimi nilikaa kiti cha pembeni, nikitafuta swali la kumwuliza Tavia njiani, lisilojibika kwa "na watu".