Kichana Kilichoita Maji

Tangu alfajiri Fahima hakukalika. Alifungua duka, akalifunga, akalifungua tena. Mteja alitaka sukari, akampimia chumvi. Mama yake akamuuliza kama ameingiliwa na siafu. Siafu mtu huwakung'uta wakaisha. Neno likishatoka mdomoni halirudi.

Neno lenyewe alilisema Jumapili, nyuma ya duka lao hapo sokoni Kalamba. Alikuwa amekuja likizo kutoka chuo cha ualimu kule Kitui, na mdogo wake Naila hakumpa amani: onyesha basi mnachosoma! Fahima akatoboa chupa ya plastiki ya mdomo mpana kwa pini, akaijaza maji, akaitundika msumarini. Maji yakatoka membamba kama uzi. Akakisugua kichana cha plastiki kwenye mtandio wake wa nailoni, haraka haraka, akakisogeza karibu na ule uzi bila kuugusa. Uzi wa maji ukapinda, ukakifuata kichana. Naila akapiga kelele. Fahima akamweleza kwamba kichana kikisuguliwa hushika umeme, na umeme huo huyavuta maji, hasa kiangazi kama hiki hewa ikiwa kavu.

Hakujua kwamba mzee Kimeu, aliyekuja kununua majani ya chai, alikuwa amesimama mlangoni, mdomo wazi. Kwingine mtu angeona mchezo wa watoto. Lakini Kimeu anatoka upande ambako punda huamshwa kabla ya jogoo wapelekwe mtoni, na mtoni kwenyewe maji huchimbuliwa mchangani na kutekwa kwa kikombe. Yeye aliona msichana anayetiiwa na maji.

"Na kwangu je, mwiitu?" aliuliza, akimwita binti kwa Kikamba. "Hii maji inakusikia wewe. Kwangu iko wapi?"

Fahima alidhani wanataniana, akacheka. "Chimba pale kwa kichuguu, Baba Muthama. Pale karibu na boma."

Utani huo ndio uliokuwa ukimtoa jasho sasa. Jana jioni Naila alirudi kutoka kusaga unga na habari kwamba leo Kimeu anawauza maksai wake wawili, apate kuwalipa wachimba kisima. Mvua za vuli zilikuwa zinakaribia. Bila maksai, plau ya Kimeu ingekaa ukutani huku watu wakipanda. Mwishowe Fahima akatia kichana na chupa mkobani, akatoka mbio.

Huko kwa Kimeu alimkuta Billow, mnunuzi wa mifugo kutoka Mwingi, ameshamfunga kamba maksai wa kwanza. Kimeu alikuwa amevaa shati la kutokea na kichwa amekipaka mafuta kikang'aa, kwani hakuona vipi mtu afanye biashara akiwa na ngozi iliyopauka kama majivu. Mkewe, Mama Muthama, alikuwa ameketi kwenye gogo.

"Usiuze, Baba Muthama," Fahima alisema akihema. "Ile ilikuwa mchezo. Maji hainisikii. Ni umeme ya kichana tu. Hata wewe unaweza."

"Hata mimi?"

"Hata wewe. Sugua kwa kichwa, halafu lete hapa."

Alisema kabla ya kufikiri, huku akiijaza chupa maji na kuitundika kwenye nguzo ya boma. Kimeu akakisugua kichana kichwani kwa bidii ya mwanafunzi, akakisogeza kwenye uzi wa maji. Uzi ukashuka wima. Akasugua tena. Maji hayakutikisika.

Fahima angejizaba kofi. Mafuta! Kichana kilichoteleza kwenye mafuta kitashika umeme gani? Akaomba leso ya Mama Muthama, lakini ilikuwa mbichi, mama wa watu ametoka kuosha vyombo. Kitambaa cha kufaa kilikuwa kimoja tu pale, nacho kilikuwa kichwani mwake, na mbele ya wanaume wale hangeuvua mtandio hata kwa ajili ya sayansi. Akaona afadhali akisugue kichana mwenyewe kwenye mtandio huo huo kichwani, waone kazi ni ya nailoni. Maji yakapinda pale pale.

"Si umeona?" Kimeu alimwambia Billow. "Kwangu imekataa, kwake imekubali. Huyu msichana ni vile tu hapendi kujisifu."

"Baba Muthama, hii kichana inavuta hata karatasi! Sasa huko chini kuna karatasi?"

"Karatasi hatutaki," Kimeu alijibu kwa upole. "Tunataka maji."

"Mzee, lori inangoja," Billow akasema. "Nafunga ya pili ama namna gani?"

"Na tutalima na nini?" Mama Muthama aliuliza, macho chini.

Hasira zikampanda Fahima. Alimkasirikia Kimeu kwa kutosikia, akajikasirikia yeye zaidi, kwamba anasomea kufundisha na mtu mmoja tu amemshinda. Akakitosa kichana ndani ya chupa mpaka kikalowa chote, kisha akakileta kwenye uzi wa maji taratibu, macho ameyafumba. Kichana kilicholowa hakina umeme. Maji yakashuka wima.

"Imekataa," alisema. "Inasema si mwaka huu. Lima kwanza."

Kimeu hakuuliza hata swali moja. Ukweli alikuwa ameubishia, lakini uongo aliupokea kwa mikono miwili. Akamwambia Billow afungue kamba. Billow akamtazama Fahima toka juu mpaka chini, akasonya, akaenda kwa lori lake.

Mama Muthama aliinuka akawarudisha maksai bomani, na njiani akawa anawapapasa migongo. Kumwona hivyo kulimpa Fahima furaha ya kweli. Aibu pia aliiona, tena kubwa, akaifunga mkobani pamoja na chupa na kugeuka aondoke.

Kimeu alimsindikiza hadi barabarani, jambo ambalo mzee wa rika lake hamfanyii msichana.

"Si mwaka huu, nimesikia," alisema. "Mimi nitangoja. Mwaka ukifika, utakuja kutuambia?"

Fahima alitafuta katika maneno yote ambayo chuo kilikuwa kimempa.

"Nitakuja," akasema.