Namba Arobaini na Saba

Kabla kamati haijaleta vibati vya masikio, hakuna mtu aliyehesabu ng'ombe katika shamba lile la Kiplombe, walilonunua pamoja kama kampuni. Kulikuwa na Kipngetich. Jioni mifugo ikirudi, alisimama kwenye geti la mzungu aliyewauzia akaenda zake, mikono nyuma, akiwatazama wakipita. Hakutaja namba hata moja, maana kwao kuhesabu ng'ombe ni kuita kifo. Wa mwisho akishapita, alisema tu, "Yule wa pembe moja wa Ephantus hayuko. Amebaki mtoni." Watu wakienda mtoni wanamkuta.

"Ungejua nguo zangu hivyo!" mkewe Jemutai alimcheka.

Sasa mwaka wa sitini na nane, Mwenyekiti Wilson, mtu aliyejua kuongea kuliko kulima, akaleta vibati vya namba, kila ng'ombe atobolewe sikio avishwe chake. Wanawake walisema ng'ombe wamevishwa hereni, lini watapakwa wanja? Pamoja na vibati akaja karani, Johnstone, kijana wa buti za mpira, baiskeli na kitabu. Tangu siku hiyo hakuna aliyemuuliza Kipngetich kitu.

"Karani, wamefika wote?"

"Wote. Themanini na tatu."

Hata wazee wenzake walimzunguka Johnstone pale getini kama kuku waliomwagiwa mtama. Kipngetich aliona. Wivu ulimkaa kama ganda la hindi kwenye fizi: hutemi, humezi, ulimi haukomi kuligusa.

Akajiandikisha ngumbaru kanisani, kusoma pamoja na akina mama wanyonyeshao.

"Baba Chelimo," Jemutai alisema, "wewe una macho. Namba unatakia nini?"

"Nataka zile za Johnstone."

Na alizipata. Miezi mitatu tu, akawa anamtangulia karani kusoma vibati pale getini. "Kumi na tisa! Sitini na mbili!" Johnstone hajafungua hata kitabu. Wazee wakapiga makofi, na utamu wa makofi yale Kipngetich alilala nao. Ng'ombe wa Jemutai, Cheptui, mweusi mwenye nyota nyeupe usoni, aliyeletwa kama mahari ya dada yake, alikuwa namba arobaini na saba.

Mvua za mwaka uliofuata Jemutai akashikwa na homa. Barabara ilikuwa tope tupu. Lori la shamba lingepita, lakini lilikuwa limebeba mbao za nyumba ya Mwenyekiti. Walimbeba mama wa watu kwa machela, akakata roho kabla hawajaona taa za Eldoret. Hilo Kipngetich hakulisamehe, na nani angelisamehe?

Tangu hapo hakukanyaga tena banda la kukamulia. Kila jioni alisimama getini, akatafuta sikioni arobaini na saba, akaiona, akageuka kwenda nyumbani. Kukamua aliachiwa Wepukhulu, mfanyakazi wa shamba kutoka upande wa Bungoma, mtu asiyejua a wala be. Kipngetich hakumpenda. Alisikia kwamba Cheptui anamwachia Wepukhulu maziwa bila kufungwa miguu, kama alivyomwachia marehemu.

Mwaka wa sabini na mbili wakakubaliana kugawana shamba, kila mtu na ekari zake. Ng'ombe walionunuliwa na wote wangepigiwa kura, na mtu aliyeleta wake amchukue. Asubuhi ya kugawana, Kipngetich alifika na kamba mpya. Alikuta ng'ombe masikio matupu.

"Vibati viko wapi?"

Mwenyekiti akatikisa debe, likalia. "Mali ya kampuni imerudi kwa kampuni. Mtu anamjua ng'ombe wake, ama? Na kila mtu aoneshe mara moja tu, sitaki kesi."

"Mzee Kipngetich aanze!" Ephantus alipaza sauti. "Huyu ndiye mwenye macho!"

Wakacheka kwa mapenzi, wakamfungulia njia. Akaingia kati ya ng'ombe. Weusi wenye nyota usoni walikuwa wanne. Alitazama, na macho yake, bila kuulizwa, yakaenda masikioni. Tundu. Tundu. Tundu. Tundu. Cheptui alikuwa anatembeaje? Kulikuwa na kitu kwenye mguu wa mbele, Jemutai alikuwa akikiiga jikoni mpaka watoto wanaanguka kwa kicheko. Mguu gani?

Akaweka mkono juu ya mmoja.

Wepukhulu akakohoa. "Mzee," alisema polepole, "tazama tena."

Kama ingekuwa sauti ya mtu mwingine, angetazama. Lakini ilikuwa ya yule aliyeachiwa maziwa. "Wewe ndiye utanionesha ng'ombe wa bibi yangu?" Akafunga kamba.

"Imeandikwa," Johnstone alisema.

Saa kumi na moja jioni alichukua kibuyu, akachuchumaa kwenye kishamba chake kipya. Ng'ombe alimpiga teke, kibuyu kikabiringika. Akajaribu maneno aliyokuwa akisema Jemutai, yale ya chinichini: "Simama mama, simama, mtoto analia."

Ng'ombe wa kwenye kamba hakugeuka. Ila ng'ambo ya waya, kwenye kipande cha Johnstone, mweusi mmoja aliyemwangukia kwa kura aliinua kichwa. Akaja. Kila hatua mguu wa mbele wa kushoto uligusa nyasi kwanza, kama unaomba ruhusa, ndipo ukakanyaga. Akasimama kwenye waya, akangoja.

Wepukhulu alikuwa anapita na ndoo. Akasimama.

"Uliniona nakosea," Kipngetich alisema.

"Nilikuambia, Mzee."

"Wewe unamjuaje, na hujui hata namba moja?"

"Si ndiyo hivyo, Mzee. Mama Chelimo ndiye alinionesha ule mguu, enzi zake. Mimi sikuwa na kingine cha kutazama."

Kipngetich alitaka kumtukana Mwenyekiti, debe lake na mbao zake. Maneno alikuwa nayo, ya miaka. Akapitisha mkono kwenye waya badala yake. Cheptui alinusa kiganja. Na vidole vya mzee, kwa mazoea, vikapanda vyenyewe mpaka sikioni, vikatafuta kibati.