Koti la Droni

Kwa miaka arobaini Fundi Uzi alipima watu mabega na viuno, na hakuwahi kumwambia hata mmoja avue kwanza. Kwake mtu na nguo zake ni kitu kimoja, na mazoea hayo ndiyo yaliyokuja kumponza.

Droni aliinunua kwa ajili ya mkewe. Binti yao wa pekee alizikwa juu ya kilima, nyuma ya tangi la maji, na magoti ya mama yalikataa kupanda kule huu mwaka wa tatu. Sasa na macho nayo yalikuwa yanaaga. Daktari aliyapa miezi minne, labda mitano. Mama hakulia. Alitaka jambo moja tu: aone kama yasmini aliyoipanda kaburini imeshika. Droni ingepanda na kamera yake, naye angetazama kwenye simu akiwa kitini.

"Haiendi kwa mwanangu uchi hivi," mama alisema siku kasha lilipofunguliwa, akiigeuzageuza mapajani.

Akaishonea koti. Kitambaa cha bluu, bitana ndani, vifungo vinne vidogo, mabawa yakiachwa nje. Kutunga uzi tu kulimla asubuhi nzima, na akakataa katakata kusaidiwa. Ndilo koti la mwisho aliloshona maishani, na lilikaa vizuri kuliko suti nyingi za wakubwa.

Sheria ilikuwa fupi. Droni isiyofika gramu mia mbili na hamsini inaruka bila karatasi; ikifika hapo, ni usajili, mtihani na leseni. Fundi Uzi, mtu asiyedanganya hata nusu sentimita, aliipeleka kwa sonara wa jirani, wakaiweka mizanini na koti lake, vifungo vyote vimefungwa. Mia mbili sitini na sita. Akaandika hivyo hivyo kwenye fomu.

Basi ofisini wakaanza kumpiga danadana. Picha yako ina kivuli, mzee. Mtandao hakuna. Mwenye muhuri yuko semina, njoo wiki ijayo. Mtihani akafeli mara ya kwanza, ndipo mkewe akajifanya mwalimu.

"Mwisho wa kwenda juu?"

"Mita mia na ishirini."

"Juu ya vichwa vya watu?"

"Marufuku."

"Haya, leo utakula."

Mwezi wa pili alikuwa anamsomea maswali kwenye kitabu. Mwezi wa nne alimuuliza kwa kichwa, maana herufi zilikuwa zimemkimbia. Mwezi wa tano alimimina chai kando ya kikombe.

Wiki iliyofuata leseni ikatoka, akaenda kuichukua na droni mkononi, imevaa koti lake.

"Shikamoo baba," alisema karani wa dirishani, binti mpole. "Namba hii inabandikwa kwenye mwili wa droni, si kwenye nguo."

Akafungua vifungo vinne, akaivua, akaiweka mizanini ili kuhakiki. Akatazama fomu, kisha mizani, kisha fomu tena.

"Baba, hii ni mia mbili arobaini na tisa."

"Hapana, binti yangu. Sitini na sita. Sonara alipima."

"Hizo nyingine ni za koti." Alisema taratibu, na upole wake ukauma zaidi. "Hii haikuhitaji leseni. Si ungeivua tu?"

Fundi Uzi alishika ukingo wa dirisha. Siku ile ile ya kasha, mkewe angali anaweza kutunga uzi, wangetoka uani na kuirusha. Alitamani kumtukana mtu, akakosa wa kumtukana. Ofisi ilimzungusha, sawa, lakini aliyejipeleka ofisini ni yeye.

Alirudi nyumbani na koti mfukoni. Mkewe alikuwa kitini, uso umeelekea dirisha asiloliona tena.

"Wametoa?"

"Wametoa."

"Nilijua tu. Na koti langu, wamelionaje?"

Alilipapasa mfukoni.

"Wamelisifu sana, mke wangu."

Mama akacheka, cheko ambalo nyumba ile ilikuwa imelisahau. "Basi ivishe, uirushe, unieleze. Nataka mwanangu alione."

Aliivisha, kifungo baada ya kifungo, machozi yakimdondokea mikononi, na kwa mara ya kwanza akashukuru, Mungu amsamehe, kwamba mkewe hamwoni.